9.3×62, .338 au .375: uchague risasi ipi ya kati kwa wanyama wakubwa wa Nyanda za Juu Kusini?

Julai inapokaribia na leseni za uwindaji zinapoanza kuzungumzwa, swali moja huulizwa kila mahali kuanzia Iringa mjini hadi Chunya. Mtu amekubaliwa kumiliki bunduki ya kuwindia, fedha yake inatosha bunduki moja, na hajui achukue ya risasi gani: 9.3×62, .338 Winchester Magnum au .375 H&H. Anaowauliza kila mmoja anaapa kwa ya kwake. Mwenye .375 anasema hizo nyingine ni za swala. Aliyerithi Mauser, bunduki ya Kijerumani, anasema babu yake aliangusha wanyama wa kila ukubwa kwa 9.3 na hawakuinuka. Kijana wa .338 anatoa simu na kuonyesha matundu matatu yaliyobanana kwenye karatasi iliyowekwa mita 200.

Nimetembea na watu wa aina zote tatu katika mapori ya Rungwa na Lukwati, nimefuata nao nyayo na, mara nyingine, damu. Ninaamini risasi hizi zinakaribiana kuliko mashabiki wake wanavyopenda kukubali. Sheria huzitenganisha mapema kabisa. Baada ya hapo kinachoamua ni ubora wa kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na uwezo wa bega la mpigaji, na nguvu inayotajwa kwenye boksi huja nyuma sana. Kwa hiyo sitataja bingwa wa wote. Nitaeleza vipimo, nizipitishe zote tatu humo, kisha kila mtu aangalie hali yake.

Vipimo

Mnyama na sheria vinatangulia, kwa sababu hapo ndipo mabishano mengi yangepaswa kuishia. Hapa Tanzania wanyama hatari kama nyati na tembo hawapigwi kwa kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, iliyo chini ya .375. Uwe na shabaha ya namna gani, ununue kichwa cha bei gani, .338 haifiki, na 9.3, ambayo kwa inchi ni .366, nayo haifiki ingawa imepungukiwa kidogo sana. Nchi nyingine hupima vingine: Namibia huangalia nguvu inayotoka mtutuni, na kwa nyati inataka jouli 5,400. Kabla ya kununua chochote, nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize masharti ya leseni unayokusudia kuomba. Leseni ndiyo inayotaja mnyama, idadi na eneo. Na wazee wanaokumbuka kuwinda Usangu wajue kwamba tangu 2008 eneo lile limeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Tena kaliba huandikwa kwenye kibali cha silaha. Ukijuta baada ya kununua, unaanza upya makaratasi ya polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ndiyo maana nasisitiza mtu afikiri sasa.

Kipimo cha pili ni kupenya. Mnyama mkubwa huuawa na tundu linalopita mapafu yote mawili au moyo, na ili kufika huko kichwa cha risasi lazima kivuke ngozi nene, misuli na mara nyingi mfupa wa bega bila kuvunjika vipande. Mafundi hupima jambo hili kwa kugawa uzito wa kichwa kwa mraba wa kipenyo chake. Kwa vichwa vilivyozoeleka vya risasi zetu tatu, yaani greni 286 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) ya 9.3, greni 250 ya .338 na greni 300 ya .375, majibu ni 0.305, 0.313 na 0.305. Hakuna pengo hapo. Anayedai .375 hupenya mara mbili ya 9.3 hajapiga hesabu.

Cha tatu ni umbali. Katika miombo ya Rungwa, Piti na Lukwati wanyama wengi hupigwa kati ya mita 60 na 120, kwa sababu huwaoni kabla ya hapo. Umbali huongezeka ukifika kwenye mbuga za nyasi zinazokata miombo, ambako palahala na korongo, wale swala wakubwa, hutoka kula asubuhi. Huko mita 200 si ajabu.

Cha nne ni teke, yaani msukumo wa bunduki begani inapofyatuliwa, na nitakisema kwa urefu zaidi kuliko vingine kwa sababu watu hukionea aibu. Cha tano ni bunduki yenyewe: uzito, urefu, risasi ngapi zinaingia kwenye magazini. Cha sita ni kupatikana kwa risasi hapa nchini.

Tarakimu za msingi ni hizi, nawe ukumbuke kwamba hubadilika kidogo kulingana na kiwanda na urefu wa mtutu:

- 9.3×62: kichwa cha greni 286 (gramu 18.5), mita 720 kwa sekunde, jouli 4,800 hivi.
- .338 Winchester Magnum: greni 250 (gramu 16.2), mita 810 kwa sekunde, jouli 5,300 hivi.
- .375 H&H: greni 300 (gramu 19.4), mita 770 kwa sekunde, jouli 5,750 hivi.

9.3×62

Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905 akiwalenga wakulima na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Nchi yetu ilikuwa mojawapo, na Iringa ilikuwa na kituo cha jeshi la Wajerumani tangu 1896. Watu wale walitaka bunduki ya bei ya kawaida inayoweza kumaliza mnyama mzito. Ufundi wa Bock ulikuwa kuipata risasi nene na nzito inayoingia kwenye Mauser 98 ya ukubwa wa kawaida, bila kuhitaji mashine (sehemu ya komeo inayopokea risasi) ndefu ya gharama. Zaidi ya miaka mia baadaye wazo hilo bado lina akili.

*Mnyama na sheria.* Inamfaa kila mnyama asiye hatari tuliye naye: pofu, ambaye dume lake hufika kilo 900, pundamilia, kongoni, korongo, palahala, tandala mkubwa, kuro. Nyati wengi waliuawa kwa risasi hii enzi zile, lakini leo kwetu hairuhusiwi kwa nyati, na hakuna hoja ya historia itakayokusaidia mbele ya askari wanyamapori.

*Kupenya.* Hapa ndipo ninapoipendea. Mwendo wake wa wastani ni rafiki wa kichwa cha risasi. Kichwa kikigonga bega la pundamilia mita 50 kikiwa na mwendo wa mita 680 kwa sekunde, hata kile cha muundo wa kizamani hutanuka taratibu na kuendelea mbele. Mwendo ukizidi sana kwa umbali huohuo, kichwa dhaifu hupasuka juu juu na kuacha jeraha pana lisilofika ndani. Nyama nayo haiharibiki sana, jambo ambalo anayewinda kwa ajili ya kitoweo hulijali.

*Umbali.* Ukisawazisha darubini kwa mita 200, kwenye mita 300 kichwa kitakuwa kimeshuka karibu sentimita 37. Si risasi ya kupiga ng'ambo ya mbuga. Ndani ya mita 200 hutaona upungufu wowote.

*Teke.* Kwa bunduki ya kilo 4 ni takriban jouli 40. Husukuma bega zaidi kuliko kuligonga, na mtu mwenye mwili wa wastani huizoea.

*Bunduki.* Mara nyingi ni nyepesi na fupi, na magazini ya Mauser hubeba risasi tano. Kama ni ya urithi, usiipige kabla fundi bunduki hajaikagua. Fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti kitakoni mwa risasi, ziliacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo mitutu mingi ya wakati ule ina kutu ndani hata kama nje inang'aa. Kitako nacho hupasuka nyuma ya komeo, mahali usipopaona mpaka uvue mbao.

*Kupatikana.* Viwanda vya Ulaya kama Norma, RWS na Sellier & Bellot vinaitengeneza bila kukoma, ila hapa kwetu huwezi kuikuta katika kila duka la silaha. Mwenye 9.3 huagiza mapema.

Inamfaa mwenyeji anayewinda wanyama wa kawaida kwenye pori nene, anayetembea sana, na ambaye hana mpango wa nyati.

.338 Winchester Magnum

Winchester waliitoa mwaka 1958 kwa ajili ya dubu na paa wakubwa wa Alaska na Marekani ya Kaskazini. Ganda lake linatokana na lile la .375 H&H lililofupishwa na kutanuliwa, ndiyo maana lina mkanda uleule kwenye kitako.

*Mnyama na sheria.* Orodha ni ileile ya 9.3. Nyati hapana, hata kama kwenye karatasi jouli zake ni nyingi kuliko za 9.3. Nimewaona wageni wakija na .338 kwa ajili ya palahala na tandala, kisha wanaazima .375 ya kampuni siku ya nyati. Mpango huo hauna kasoro kwa mwenye uwezo.

*Kupenya.* Kichwa cha greni 250 ni kirefu na chembamba, na kwa hesabu kinaongoza kidogo. Lakini mwendo wake mkubwa unadai kichwa imara. Ukiweka kichwa cha bei rahisi, kikagonga mfupa wa bega la kongoni kwa karibu, unaweza kupata jeraha baya juu na mnyama anayekimbia kilomita tano. Mwenye .338 hana ruhusa ya kubana matumizi kwenye vichwa.

*Umbali.* Hapa inashinda wazi. Kwenye mita 300, ikiwa darubini imesawazishwa kwa mita 200, hushuka kama sentimita 27, na upepo wa Agosti unaovuma kwenye mbuga huisogeza kidogo kuliko wenzake. Korongo aliyesimama katikati ya nyasi, huku huna kichuguu cha kujificha ili umkaribie, ndiye mnyama wa risasi hii.

*Teke.* Karibu jouli 43 kwa bunduki ya kilo 4, na tofauti na 9.3 inaonekana ndogo. Usidanganyike na tarakimu. Linakuja kwa ghafla na kwa ukali, na bunduki nyingi za .338 huuzwa nyepesi. Darubini lazima ikae mbali na jicho, sentimita 9 walau. Makovu ya nusu mwezi juu ya nyusi yametokana na kupuuza jambo hilo, hasa mtu anapopiga akiwa ameinama au akielekea mlimani.

*Bunduki.* Huingia kwenye mashine ya urefu wa .30-06, hivyo haihitaji bunduki kubwa. Magazini kwa kawaida ni risasi tatu. Mtutu usiwe mfupi, maana utapoteza mwendo ulioulipia na kubaki na kishindo.

*Kupatikana.* Marekani imejaa. Kwetu ni ngumu kuliko .375.

Inamfaa mpigaji mwenye uzoefu, anayewinda maeneo ya wazi na anayeweza kuagiza vichwa bora.

.375 H&H Magnum

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912. Baruti ya wakati huo ilikuwa kodaiti, iliyokatwa kama nyuzi ndefu, na ganda lilitengenezwa refu na lenye mteremko kuelekea mdomoni ili kuzipokea. Mteremko huo umebaki kuwa baraka: ganda huingia na kutoka kwenye mtutu bila kukwama, hata kwenye joto la Oktoba bondeni kabla ya mvua. Mbele ya nyati, ganda kukwama si usumbufu wa kawaida.

*Mnyama na sheria.* Inaanzia pale sheria inapoanzia. Ukiwa na .375 hakuna mnyama kwenye leseni ya Tanzania ambaye kaliba yako itamkosa. Na huku chini, kwa tohe au swala pala, kichwa cha greni 300 hupita na kuacha tundu la kawaida, kwa sababu hakikutani na mwili mzito wa kukifanya kitanuke kwa nguvu. Wengi hushangaa wakiona nyama haikuharibika.

*Kupenya.* Uwezo wake mkubwa uko katika vichwa unavyoweza kuchagua. Vipo vya greni 270 kwa wanyama wa kawaida, vya 300 vinavyotanuka, na vya 300 vigumu kabisa visivyotanuka. Kwa nyati, wawindaji bingwa wengi hupenda risasi ya kwanza iwe inayotanuka na iliyo imara, na zinazofuata ziwe ngumu, maana mnyama atakuwa amekupa mgongo na kichwa kinapaswa kupita tumbo lililojaa majani ili kifike kifuani. Kanuni hiyo ina sharti: usipige kichwa kigumu nyati akiwa amesimama mbele ya wenzake. Kitatoka upande wa pili na kumpata mwingine. Kwenye uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama aliyeuawa, na mbali na fedha, kuna nyati mwenye maumivu kwenye njia wanayopita walina asali.

*Umbali.* Kwenye mita 300 hushuka kama sentimita 33, iko katikati ya wenzake. Kwa pofu kwenye mita 200 haina tatizo.

*Teke.* Takriban jouli 54 kwa bunduki ya kilo 4. Ukilinganisha, .30-06 ya uzito huohuo hutoa kama 24. Mtu mzima mwenye afya anaweza kulizoea, lakini halizoeleki kwa kupiga risasi mbili mwaka mzima. Dalili za anayeogopa teke ni rahisi kuziona: hufumba macho kabla hajafyatua, huvuta kifyatuo kwa kukishtua, mtutu huinama. Mnyama hupigwa tumboni. Jioni nzima hupotea kwenye nyayo, na kesho yake tai ndio wanaowaonyesha njia. Wanaume huficha jambo hili. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara nyingine aweke ganda tupu. Mtutu ukiinama kwenye ganda tupu, umejijua. Tiba yake ni mazoezi mengi kwa bunduki ndogo ya .22, na risasi chache za .375 kila wiki ukiwa umesimama, kamwe usizipige ukiwa umelala kifudifudi, maana bega linakosa mahali pa kurudi.

*Bunduki.* Risasi ina urefu wa milimita 91 na zaidi, inahitaji mashine ndefu. Bunduki huwa kilo 4 hadi 4.5 pamoja na darubini, na hilo ni zuri kwa bega, baya kwa mkono wakati wa saa za adhuhuri. Kwa mnyama hatari napendelea mashine yenye kucha ndefu inayoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, ule muundo wa Mauser 98 na Winchester Model 70 za awali. Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, kuanzia 1 au 1.5, ili kwenye kichaka umwone mnyama mzima badala ya kipande cha ngozi usichojua ni cha mbavu au cha paja.

*Kupatikana.* Hakuna inayoikaribia. Kambi nyingi za vitalu vya uwindaji zina .375, na risasi zako zikipotea njiani kuna uwezekano wa kupata za kuazima. Kwa kigezo hiki peke yake watu wengi wameichagua na hawakukosea.

Inamfaa mtu anayetaka bunduki moja kwa kila kitu na aliye tayari kuilipia kwa mazoezi.

Na niseme wazi: .375 si risasi ya kumfuata nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka kama una namna nyingine. Mwindaji bingwa anayeingia mbele yako atakuwa na .416 Rigby, .458 au kubwa zaidi, na ana sababu.

Fedha iende kwanza kwenye kichwa

Ningeambiwa nibaki na neno moja tu katika mjadala huu, ningesema hili. 9.3 yenye kichwa bora ni silaha nzuri zaidi ya .375 yenye kichwa kibovu, kwa kila mnyama ambaye sheria inaruhusu zote mbili.

Kichwa cha kawaida kina lead (madini laini na mazito ya risasi) ndani na ganda la shaba nje. Kikigonga mfupa kwa nguvu, ganda na lead huachana, kila kipande kinakwenda kwake, na safari inaishia hapo. Mwaka 1948 John Nosler wa Marekani alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kusukuma. Swift A-Frame ilifuata njia hiyo na kuongeza kuunganisha lead na ganda. Norma Oryx ina ganda lililogandishwa kwenye lead. Barnes TSX ni shaba tupu, haina lead ya kuachana na kitu, na kwa sababu hiyo unaweza kushuka uzito kidogo, kwa mfano greni 250 kwenye 9.3, bila kupoteza kupenya. Kichwa kizuri ukikitoa kwa mnyama kimefunguka kama uyoga, na shina bado lipo.

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, walisema wazee, na kwenye kaliba maneno hayo yana ukweli wa kupimika. Loweka magazeti ya zamani usiku kucha, yafunge kwa kamba yawe bunda nene, yapige kwa umbali wa mita 50 na uchimbue kichwa. Bunda la magazeti si nyati, ila litakuonyesha kipi kinabaki kizima na kipi kinakuwa makombo. Fanya hivyo mahali panaporuhusiwa kupigia, na nyuma yake pawe na kilima cha udongo.

Kila unapobadilisha aina ya kichwa, sawazisha darubini upya. Fanya hivyo pia ukifika kambini. Barabara ya vumbi ya kwenda kambini hulegeza hata nati za gari, sembuse skrubu ndogo za darubini. Risasi mbili kwenye boksi la karatasi mita 100, kwa idhini ya wenye kambi, hukuepusha na wiki ya kulaumu macho.

Kwa hali yako

Una nia ya nyati, hata kama ni mara moja katika maisha yako, na utamiliki bunduki moja: chukua .375 H&H. Sheria imekuamulia, na wanyama wengine wote itawatosha. Tenga fedha ya maboksi ya mazoezi kwenye bajeti ileile ya bunduki.

Unamtaka nyati mara moja tu kama mgeni wa kampuni: uliza kama wanakodisha bunduki. Unaweza kuendelea kumiliki 9.3 au .338 kwa uwindaji wako na kukodi .375 siku hiyo, mradi upewe nafasi ya kuipiga kambini kabla ya kuingia porini.

Umerithi Mauser ya 9.3 na fundi amesema mtutu ni mzima: kamilisha umiliki wa kisheria kwa jina lako kwanza. Usiiuze ili ununue .338, kwa sababu kwenye miombo yetu hutapata chochote ambacho hukuwa nacho. Badilisha vichwa tu.

Unawinda zaidi kwenye mbuga za wazi, unapiga vizuri, na nyati hayumo katika mpango wako: .338 itakupa mita 50 za ziada ambazo 9.3 haikupi kwa urahisi. Kama unajua kwamba wewe ni mtu wa boksi la risasi la bei ya chini, achana nayo.

Una mwili mdogo, au bega lililowahi kuumia, au ni mara yako ya kwanza na bunduki kubwa: 9.3 yenye kitako kilichokatwa kwa urefu wako na mpira mzuri nyuma. Akina mama wanaoanza kuwinda hupewa mara nyingi bunduki zilizokatwa kwa mikono ya waume zao, kisha wanaambiwa teke ndilo tatizo. Urefu wa kitako urekebishwe kabla ya kulaumu kaliba.

Unajifunza kazi ya uwindaji bingwa: .375 ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ndiyo wateja wengi watakayokuja nayo na lazima uijue ndani nje. Ya kuwalinda, .416 au .458, itafuata ukiwa umeshapita kwenye mikono ya bingwa mzoefu.

Tayari una .30-06 na unahisi imekuwa ndogo kwako: nakusihi usikimbilie dukani. Kwa tandala, palahala na kongoni inatosha, na kwa pofu pia, ukiwa karibu na amekupa ubavu. Tafuta boksi la greni 180 au 200 zenye kichwa kilichogandishwa au cha shaba tupu, sawazisha darubini, kisha upige ukiwa umesimama, mtutu kwenye miti mitatu ya kuegemeza, mpaka mita 100 isikusumbue. Leseni ya nyati ikishakuwa njiani, ndipo uanze kufuatilia kibali cha .375, ukiwa na muda wa kutosha wa kuizoea kabla ya msimu.